Sato wanakufa kizimbani? Jinsi ya kuchukua sampuli ya bakteria na kuiotesha

Wadau wa vizimba vya sato (tilapia) hapa Mwanza, tatizo nalokutana nalo sana maabara ni samaki kuletwa wameshaoza kwenye mfuko, tena mtu ameshachanganya antibayotiki kwenye chakula wiki nzima, sasa hapo nioteshe nini jamani (yaani nikuze bakteria gani maabara). Kuna namna ya kufanya hii kitu ikatoa jibu.

Hatua ya 1: angalia wanakufaje. Kama wamekufa kwa mpigo alfajiri, wakubwa kwa wadogo, na hata furu (samaki wadogo wa ziwani) wa nje ya kizimba wanaelea, fikiria oksijeni kwanza, maana ziwa likivurugika maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda juu. Bakteria mara nyingi anaua kidogo kidogo kila siku. Sato mwenye Streptococcus utamwona anazunguka kama mlevi, macho yametoka nje au yana ukungu. Aeromonas yeye analeta vidonda na tumbo kujaa maji.

Hatua ya 2: chukua anayeumwa, sio aliyekufa. Watano hivi wenye dalili ila bado wanahema, na kabla hujaweka dawa yoyote!! Aliyekufa kwa joto la huku baada ya masaa machache bakteria wa utumbo wameshaenea kila kiungo, utaotesha wao tu. Walete hai kwenye ndoo yenye pampu ya hewa, ikishindikana kila mmoja mfuko wake safi ndani ya boksi la barafu, ila usiwagandishe kwenye friza.

Hatua ya 3: kumfungua. Mlaze usingizi wa moja kwa moja kwa mafuta ya karafuu kwenye maji, usimpige kichwani kwa sababu ubongo ndo tunaoutaka. Vaa glavu, hii sio mapambo, mwaka 2015 kule Singapore watu waliugua Streptococcus agalactiae waliyoipata kwa kula samaki wabichi wa maji baridi. Futa ngozi kwa spiriti ya asilimia 70, choma kisu kwenye moto, fungua tumbo bila kutoboa utumbo (ukitoboa tu basi, chukua mwingine). Sogeza kibofu cha hewa, figo utaiona kama mstari mwekundu mweusi umelala chini ya uti wa mgongo. Chomeka humo lupu (kiwaya chenye kitanzi cha kuchotea bakteria) iliyochomwa ikapoa. Kisha fungua fuvu juu ya macho uchukue ubongo, wengi wanauruka huu na Streptococcus anapenda kukaa humo humo.

Hatua ya 4: paka kwenye aga ya damu (jeli yenye damu ya kuoteshea bakteria), figo sahani yake, ubongo yake, andika tarehe na namba ya samaki, weka nyuzi 28 mpaka 30 kwa masaa 24 hadi 48. Usiweke 37 kwa mazoea ya maabara za hospitali, samaki ni wa damu baridi na bakteria wake wengine joto hilo hawalipendi. Ikiota aina moja kwa wingi, tena kwa samaki kadhaa, hapo kuna jambo. Yakiota makoloni (vidoa vya bakteria) ya rangi kumi tofauti, ni uchafu, rudia.

Hatua ya 5: rangi ya Gram (ya kutofautisha bakteria kwenye darubini) halafu katalesi (kimeng'enya kinachotoa povu ukidondoshea hidrojeni peroksaidi) na oksidesi (kimeng'enya kingine). Streptococcus anaonekana zambarau, viduara vya mnyororo, katalesi hasi. Aeromonas ni vijiti vya pinki, oksidesi chanya. Angalizo, ukichota koloni kwenye aga ya damu usibebe damu, chembe zake zina katalesi nazo zitatoa povu likudanganye. Na usimtupe Streptococcus eti kwa vile hajayeyusha damu, wapo wa samaki wasioyeyusha kabisa.

Hatua ya 6: kupima dawa ipi inamzuia bakteria huyo. Streptococcus kwenye aga ya Mueller-Hinton (jeli ya kupimia dawa) tupu anaota vibaya, ongeza damu ya kondoo asilimia 5. Jibu hili ndo la kumpelekea daktari wa mifugo aamue dawa na siku za kusubiri kabla ya kuvua.

Sahani zote zikimaliza kazi ziingie otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuua vijidudu) nyuzi 121 dakika 15, na mizoga ifukiwe mbali na ufukwe pamoja na chokaa, isirudi ziwani, jirani yako ana kizimba pale pale.