Jinsi ya Kujifunza Kutengeneza Biti: Ujenge Upya Wimbo Mmoja, Baa kwa Baa

Vijana wengi wanaokuja studio kuniuliza wafanyeje ili biti zao zigonge kama za redioni wana hali moja. Kompyuta imejaa plagini (programu ndogo za ala na za kubadili sauti) na sampo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari), na kwenye folda kuna biti sitini zilizoanzwa, hakuna hata moja iliyokwisha. Nilikaa katika hali hiyo miaka mitatu. Kilichonitoa ni zoezi nililopewa na fundi aliyenipokea studio huko Tandika, Dar es Salaam, kabla hajaniruhusu kugusa kinanda mbele ya msanii: chukua wimbo mmoja ulioshiba, uujenge upya kuanzia kiki ya kwanza (pigo la ngoma nzito ya chini) mpaka ufanane. Fundi cherehani anayeanza hupewa suruali kuukuu aifumue aone mishono imepitaje. Sisi tunafumua kwa masikio.

Zoezi hili linachukua wiki moja, saa mbili kila jioni. Nitaeleza kama ninavyolifanya mpaka leo.

Kabla ya kuanza: programu

Tumia uliyonayo. FL Studio, ile iliyoanza kwa jina la FruityLoops mwaka 1997, ndiyo utakayoikuta kwenye studio nyingi za mtaani, lakini toleo lake la majaribio lina jambo la kuangalia: unahifadhi kazi, ila ukiifunga huwezi kuifungua tena mpaka ulipie. Kwa hiyo kila ukimaliza kipande, kitoe kama faili la WAV. Reaper inakupa siku 60 za majaribio bila kufungiwa kitu. Mwenye simu tu atumie BandLab, ni ya bure. Usipoteze jioni nzima ukibishana ni ipi bora.

Hatua ya 1: Chagua wimbo

Chagua wimbo unaoujua kwa moyo, wenye ala chache. Ngoma, besi, kinanda au gitaa moja, sauti ya mwimbaji: basi. Wa kwanza niliofanya ulikuwa Bongo Fleva ya miaka ya 2000, mapigo 92 kwa dakika, ala tano ukihesabu na kayamba. Usianze na muziki wa dansi wa zamani, hata kama unaupenda kama ninavyoupenda mimi. Ulirekodiwa bendi nzima ikipiga pamoja, na tempo yake inapanda na kushuka na pumzi ya wapigaji, utaufikia baadaye. Singeli nayo iache kwanza. Kwenye mapigo 200 na kitu kwa dakika, sikio changa halipati nafasi ya kusikia pigo moja likiisha kabla ya lingine kuingia.

Tafuta faili zuri. MP3 ya kbps 128, yaani faili lililobanwa sana, kwa kawaida imeshakatwa sauti za juu kuanzia karibu 16 kHz (mitetemo 16,000 kwa sekunde), na haiheti (matoazi madogo ya ngoma) unayotaka kuiiga itakuwa imepoteza makali yake. Utahangaika kutafuta sampo chafu ili ifanane na faili chafu.

Hatua ya 2: Weka wimbo kwenye gridi

Ingiza wimbo kwenye programu, kisha ushushe sauti yake kwa desibeli 8 hivi. Wimbo huo umeshapitia masta, hatua ya mwisho ya kuukuza sauti, na biti yako bado. Kati ya sauti mbili zinazofanana, sikio huichagua iliyo kubwa na kuiita nzuri. Usiposhusha, kila siku utaona kazi yako ni mbovu hata pale ilipo sawa.

Pata tempo: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Nilihesabu 23, nikapata 92. Vuta wimbo mpaka kiki ya kwanza ikae juu ya mstari wa baa (fungu la mapigo, mara nyingi manne), washa metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo), ruka mpaka dakika ya tatu. Metronomu ikiwa bado inakwenda na ngoma, tempo ni hiyo. Ikiwa imepishana, jaribu 91.5 au 92.3, mpaka itulie.

Neno moja kwa watu wa Pwani. Kama wimbo wako una chakacha ndani yake, mapigo yanahesabiwa kwa sita, siyo kwa nne. Badilisha gridi iwe ya 6/8 mapema. Nimemwona kijana mwenye kipaji akihangaika jioni nzima kulazimisha chakacha kwenye gridi ya nne, akaamini mkono wake ndio mbovu, kumbe tatizo lilikuwa ni mpangilio.

Hatua ya 3: Sikiliza na karatasi

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua zote. Zima skrini. Chukua daftari, sikiliza wimbo mzima mara tano, kila mara kwa jambo moja tu.

Mara ya kwanza, ngoma. Mara ya pili, besi. Ya tatu, kinanda na gitaa. Ya nne, mwimbaji: wapi sauti ni moja, wapi zimerudufiwa, wapi kuna mwangwi. Ya tano, sikiliza vimya, pale ala inaponyamaza. Kila kitu kinachoondoka kiandike: "baa ya 16, pigo la 4, kiki imetoka", "kiitikio kinaingia, besi imesubiri nusu baa". Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilipata sehemu kumi na moja ambazo kitu kilitolewa ili kingine kisikike. Biti zangu zote mpaka siku hiyo zilikuwa zinaongeza tu. Nilidhani msisimko wa kiitikio unatoka kwenye ala mpya iliyoingia, kumbe ulitoka kwenye baa moja kabla yake, ambapo ngoma ilikuwa imenyamaza.

Chora ramani: utangulizi baa 4, ubeti 16, kiitikio 8, na kadhalika. Ibandike ukutani.

Hatua ya 4: Ngoma, baa nane tu

Usijenge wimbo mzima. Chagua baa nane za kiitikio, zizungushe.

Anza na kiki. Unapotafuta sampo, usiongozwe na jina la faili. Jiulize maswali mawili: inaishia wapi, na iko noti gani? Kiki fupi na kiki yenye mkia mrefu ni vitu viwili tofauti hata zikiwa na mlio mmoja. Ukipata inayokaribia, ipandishe au ishushe noti moja moja mpaka ikae na ile ya wimbo, kisha ikate mkia. Fuata snea (ngoma ya mlio mkali), kisha haiheti, kisha kayamba.

Sasa utagundua kwamba kila kitu kimekaa mahali pake na bado biti haichezeki. Ni kwa sababu umeziweka noti zote juu ya mstari na zote kwa nguvu moja. Kwenye tempo ya 92, pigo moja lina milisekunde 652, na robo ya pigo ni 163. Chukua kila haiheti ya pili, icheleweshe milisekunde 15. Hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya nafasi iliyopo, lakini mabega yataanza kucheza yenyewe. Halafu nguvu: programu inapima kuanzia 0 hadi 127. Badala ya 100 kila mahali, jaribu 100, 60, 85, 55. Sikiliza wimbo, sikiliza yako, rudia. Jioni mbili nzima zinaweza kuishia kwenye kayamba peke yake, na hazijapotea. Mpiga kayamba hatikisi mkono kwenda na kurudi kwa nguvu ileile, na ndiyo maana kayamba ya kompyuta huwa inachosha baada ya nusu dakika.

Hatua ya 5: Besi

Usiguse kinanda kwanza. Imba besi kwa mdomo mpaka uimalize bila kukosea. Usichoweza kuimba hujakisikia bado.

Kama spika zako ni ndogo na noti za chini hazisikiki, panda oktavu: nakili wimbo, upandishe nusutoni 12, halafu ondoa sauti za juu kwa ikwalaiza (plagini ya kupandisha na kushusha sauti za juu au za chini). Besi iliyokuwa ngurumo tu itakuwa melodi unayoweza kuifuata. Ukishapata noti, zishushe oktavu moja zirudi mahali pake.

Kisha tazama besi na kiki zinavyogawana nyumba. Mara nyingi mmoja analala chini kabisa, mwingine juu kidogo. Ikiwa kiki ina nguvu kwenye 55 Hz, basi besi itakuwa imepunguzwa hapo na kupewa nguvu karibu na 100. Au besi inainama kidogo kila kiki inapogonga, kazi ya kompresa (plagini ya kubana sauti) inayoisikiliza kiki. Jua pia kwamba spika ya simu karibu haitoi chochote chini ya 200 Hz. Msikilizaji wa simu anaisikia besi kupitia ndugu zake wa juu: noti ya 55 Hz ina wenzake kwenye 110, 165, 220. Ukiikwaruza besi kidogo kwa plagini ya saturesheni, hao ndugu wanapata nguvu, na besi inasikika hata pale ambapo yenyewe haipo.

Hatua ya 6: Kinanda au gitaa

Ukishakuwa na besi, nusu ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) umeshazijua, maana besi mara nyingi hupiga noti mama, ile ambayo kodi imejengwa juu yake. Juu ya kila noti mama jaribu meja, jaribu maina, chagua inayokaa. Kama hakuna inayokaa kabisa, huenda wimbo uko nje kidogo ya A ya 440 Hz, kipimo cha kawaida cha kupatanisha ala. Ipandishe au ishushe ala yako kwa senti chache (senti ni sehemu moja ya mia ya nusutoni).

Hatua ya 7: Linganisha, kwa sauti ndogo

Sasa unabadilisha: wimbo wao baa nane, wako baa nane, kwa ukubwa uleule wa sauti. Fanya hivyo kwa sauti ndogo kiasi kwamba mtu aliye pembeni yako akiongea unamsikia bila shida. Watafiti wa sauti Fletcher na Munson waliandika mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu halipokei besi na sauti za kati kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo inapungua sauti inapokuwa kubwa. Ndiyo maana ukifungulia sana kila biti inaonekana imeshiba. Punguza, ukweli utatokea.

Chumba nacho kinadanganya. Nilikuwa nafanyia kazi kwenye chumba cha futi 10 kwa 12, meza iko kwenye kona. Wimbi la 50 Hz lina urefu wa karibu mita 7, chumba kizima hakifiki mita 4. Besi inagonga ukuta na kurudi, mahali pengine inajikusanya, pengine inajifuta. Niliwahi kumaliza wimbo wa harusi wa ndugu yangu humo ndani, nikaona besi ni ndogo, nikaiongeza. Ukumbini ilinguruma mpaka maneno ya bibi na bwana harusi hayakusikika, na mama zetu walikuwa wamekaa mstari wa mbele kusubiri kusikia majina yao. Kilichoniuma ni kwamba kama ningekuwa na wimbo wa kulinganisha pembeni, ningeona kwamba hata ule wimbo uliotoka unasikika na besi ndogo pale nilipokaa.

Kwa hiyo: ondoka kwenye kona, simama mlangoni, sikiliza ukiwa koridoni. Hedifoni pia. Spika ya simu pia. Kwenye bajaji kama una rafiki dereva. Kila mahali cheza zote mbili, yao na yako, na uandike tofauti moja tu ya kwenda kurekebisha. Mapazia mazito na magodoro ukutani yanasaidia sauti za juu na za kati, hasa ukirekodi mwimbaji. Besi yanaiacha ipite kama ilivyo.

Hatua ya 8: Livunje

Umefika mahali mtu akikuuliza ipi ni ipi unasita kidogo. Nakala hii ni ya darasani, haiendi mtandaoni wala kwa msanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inawalinda waliotunga, na inakulinda na wewe kesho utakapotunga.

Hifadhi kazi kwa jina jipya, uanze kubadilisha kitu kimoja kimoja. Futa melodi yote. Peleka tempo kutoka 92 hadi 104. Andika besi mpya juu ya ngoma zilezile, kisha ngoma mpya chini ya besi hiyo. Badilisha kodi. Kinachobaki mwishoni ni vile vimya ulivyoviandika kwenye daftari, na namna kayamba inavyochelewa. Hivyo havina mwenyewe, ni ufundi, na sasa viko mkononi mwako.

Wiki inayofuata chagua wimbo wa aina nyingine: taarabu, injili yenye kwaya kubwa, amapiano ya mapigo 112 hivi. Na baada ya siku 30 rudi kwenye ule wa kwanza. Bila kuusikiliza, fungua faili tupu na uujenge baa zake nane kwa kumbukumbu. Zile sehemu utakazokwama, andika tarehe pembeni yake kwenye daftari, uanze nazo jioni hiyohiyo.