Mafuta ya alizeti na nyonyo kwenye mashine za shamba: wapi weka, wapi usiguse

Wakulima wenzangu wa Magu, Sengerema, Ukerewe na huku kote pembeni ya ziwa, kuna kitu nakiona kila kiangazi na kinaniuma sana. Mtu anamwaga oili chafu ya pampu ya maji au pikipiki alafu anaijaza kwenye chensoo (msumeno wa enjini) eti ilainishe cheni, si ya bure bwana. Sasa cheni ya chensoo hairudishi oili, yote inarushwa nje inaishia kwenye majani na udongo, mvua ikipiga inateremka kwenye maji hayohayo tunayochota na kuvulia sato. Na hiyo oili ina vumbi la chuma ndani, kwahiyo hata cheni yenyewe inalika mapema.

Mimi naangalia kitu kimoja tu: oili ikishafanya kazi inakwenda wapi? Kama inadondoka na kupotea, weka mafuta ya mimea. Cheni ya chensoo, ekseli ya mkokoteni ile isiyo na beringi, bawaba, cheni za mashine ya kukamua alizeti, plau na majembe yasishike kutu. Kama inazunguka ndani ya enjini, iwe pampu, pawatila (trekta dogo la kushika kwa mkono) au mashine ya kusaga, weka oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, usijaribu kabisa.

Sababu ni hii. Mafuta ya mimea yanateleza vizuri na yanashika chuma, ila yakikaa kwenye joto na hewa muda mrefu yanageuka gundi. Ule utando wa njano kwenye karai la kukaangia maandazi, unaosugua mpaka unachoka, ndo unakuja kuziba njia za oili kwenye enjini yako.

Kuna wanaoniambia mbona oili ya enjini ya Castrol ilianza na mafuta ya nyonyo. Ni kweli, jina lenyewe limetoka kwa castor, yaani nyonyo, tangu 1909, na ndege nyingi za vita ya kwanza ya dunia zilitumia oili hiyo. Lakini enjini za zile ndege zilikuwa zinaitema nje ikishatumika, haikurudi kuzunguka tena, ndo maana ilifaa.

Kwa chensoo alizeti peke yake ni nyepesi, inaruka haraka. Nyonyo ni nzito karibu mara 7 kuliko alizeti, sio kwenye mizani ila kwa kutiririka polepole, ukichanganya kidogo inakaa kwenye cheni. Mafuta ya kukamua mwenyewe yaache yatulie siku kadhaa, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa safi kikavu, na yasiwe na maji hata kidogo. Yaliyokaangia samaki usiyatumie, yana maji na chumvi, chuma kitapata kutu. Na usichanganye haya na petroli ya kwenye tanki, hapo tumia oili yake ya tu-stroku kama kawaida.

Chensoo ikienda kupumzika wiki kadhaa usiiache na alizeti ndani. Sisi tuliiacha msimu mzima, tulivyorudi pampu ya oili imeganda na fundi akaifungua yote. Siku hizi tunamwaga, tunaweka oili ya kawaida kidogo, tunaiwasha dakika chache ndo tunaihifadhi.

Kama huna uhakika na mafuta yako paka kwenye kipande cha bati, acha juani wiki moja. Alizeti na pamba huwa zinaanza kunata mapema, karanga na nyonyo zinachelewa. Ila mbegu za nyonyo zina sumu kali, watoto wasizichezee, na mashudu yake usimpe ng'ombe wala kuku.

Oili ya enjini ukibadilisha, kinga kwa beseni, weka kwenye dumu lenye kifuniko na umpe fundi anayeikusanya. Kazi hiyo ifanyie nyumbani, sio ufukweni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye maji, na wengi wetu pampu tunazibadilishia oili hatua mbili tatu tu kutoka ziwani.