Kupata bayati ya taarab kwenye Surge XT

Ukipiga bayati (moja ya makamu, yaani mipangilio ya noti inayotumika kwenye taarab) kwenye kinanda cha kompyuta ikasikika imepooza, kosa si la vidole vyako. Noti ya pili ya bayati ya D iko katikati ya E-flati na E, na kinanda cha kawaida hakina noti hiyo. Kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na fidla zinaipata bila taabu.

Surge XT ni sinthesaiza (programu ya kuunda sauti za muziki) ya bure (msimbo wa Surge uliwekwa wazi 2018), nayo inakuruhusu kupanga sauti upya. Fungua faili tupu la maandishi. Mstari wa kwanza weka jina lolote, wa pili 12, kisha 100.0, 200.0, 300.0, 350.0, 500.0 na kuendelea kwa mia mia hadi 1200.0, kila namba na mstari wake. Namba hizi ni senti, vipimo vya umbali wa kila noti kutoka C: mia moja ni hatua moja ya kinanda, na 350.0 ndiyo E yetu. Usisahau nukta! Ukiandika 350 bila nukta, programu itaisoma kama uwiano na noti itaruka mbali kabisa. Hifadhi faili liishie na .scl, kisha liburute ulidondoshe juu ya dirisha la Surge.

Sasa bonyeza D, E, F, G taratibu. Ile E ndiyo niliyoitafuta kwa muda mrefu. Kwa rasti (makamu nyingine) ya C, shusha na B iwe 1050.0 badala ya 1100.0.