Kununua pinboli ya mtumba huku Marekani: dukani au kwa mtu anayeipenda mwenyewe?

Wakuu habari za wikiendi. Hii ni kwa wenzangu wa huku Marekani ambao mmeanza kuulizia mashine za pinboli, maana tangu niweke zangu gereji kila anayekuja kula pilau anaishia kuniuliza umenunua wapi na ilikuwa bei gani. Mimi nipo maeneo ya Dallas, nimenunua mbili mpaka sasa, moja dukani na moja kwa mzee mmoja mstaafu, na hela iliyonitoka kwenye ile ya kwanza ndio imenifanya niandike kwa kirefu ili mwingine isimkute.

Kwa ambaye hajaizoea, pinboli ni lile kabati refu la miguu minne lenye kioo juu, unapiga goroli la chuma kwa flipa (vile vijiti vya chini unavyovichezesha kwa vitufe vya pembeni) zisiliache likadondoka katikati. Karibu viwanda vyote vikubwa vilikuwa Chicago na vitongoji vyake: Gottlieb, Bally, Williams, na siku hizi Stern. Mpya ya Stern ya daraja la chini inaanzia kama dola 7,000, ndio maana wengi tunaishia kwenye mtumba. Na mtumba una vizazi vyake. Za zamani kabisa mpaka kama 1977 hazina kompyuta, ndani ni mota na rilei (swichi zinazovutwa na umeme) na magurudumu ya namba yanayogonga kak kak kak. Baada ya hapo zikaja za bodi za elektroniki, halafu kuanzia 1991 zikawa na ile skrini ya nukta za rangi ya chungwa. Williams, ambao walishainunua pinboli ya Bally 1988, waliachana na hii biashara 1999, na mashine zao za miaka ya 90 ndizo kila mtu anazitafuta, kwa hiyo mengi nitakayosema ni ya hizo.

Sasa ile yangu ya dukani. Duka silitaji. Ilikuwa Fish Tales ya 1992, inang'aa balaa, taa zote LED, raba mpya, kioo hakina mkwaruzo, nikacheza gemu mbili nikasaini. Wiki ya tano hivi ikaanza tabia, ukibonyeza flipa zote mbili kwa pamoja mashine inazima na kujiwasha upya, gemu imekwenda na maji. Kumbe huu ni ugonjwa unaojulikana kabisa kwa Williams za kizazi hicho: flipa zinavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja, ile laini ya volti 5 inayolisha bodi kuu inashuka chini ya kiwango, basi kompyuta inaanza upya. Chanzo huwa rektifaya (kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC) au kapasita (kinachoutuliza usiyumbe) iliyochoka, au konekta (plagi ya waya kwenye bodi) iliyoungua. Spea zenyewe ni dola chache tu, kazi ni kuchomoa bodi na kulehemu. Nikapiga simu dukani, wakaniambia waranti ni siku 30 na zimeshapita, na hata zingekuwa hazijapita waranti ni ya spea peke yake, fundi wa kuja nyumbani unamlipa mwenyewe. Nikarudi kwenye karatasi nikakuta imeandikwa hivyo hivyo.

Nilichojifunza hapo ni kwamba bei ya juu ya dukani ni malipo ya kazi ambayo unaambiwa imeshafanyika, kwa hiyo lazima ujue kazi gani hasa. Huku wana neno lao, wanasema mashine "imeshopiwa". Kwa duka moja imeshopiwa maana yake wamefuta vumbi, wamebadili raba na balbu, basi. Kwa duka lingine maana yake flipa zimefumuliwa na kujengwa upya kwa vipuri vipya, bodi zimetolewa zikaangaliwa, konekta zilizoungua zimebadilishwa. Hizo ni mashine mbili tofauti kabisa na tangazo linasema neno moja. Waombe wakuandikie kwenye risiti nini kimebadilishwa, kimoja kimoja. Duka linalofanya kazi kweli watakuandikia, wanajivunia. Halafu uliza waranti ni ya siku ngapi, ni ya spea au na fundi, na fundi anakuja kwako au unaibeba mashine kuirudisha, maana kuibeba sio mchezo, nitafika huko.

Na usisahau kodi. Hapa Dallas dukani ni asilimia 8.25, kwenye mashine ya dola 5,000 hiyo ni dola 412 na senti, weka na usafiri juu. Mtu binafsi anayeuza mashine yake ya gereji hakutozi hiyo.

Ya pili nilichukua kwa mzee. Whirlwind ya 1990, ile yenye feni juu ya kichwa cha mashine (lile boksi lililosimama nyuma, lenye bodi ndani), dhoruba ikianza uwanjani diski tatu zinazunguka na feni inakupulizia upepo usoni, watoto wangu wanaipenda hiyo kuliko kitu chochote humu ndani. Nilipofika mashine ilikuwa imezimwa, ya baridi, nilimwomba hivyo kwenye simu. Kabla hata sijagusa kitu mzee akatoa kioo, akaniokotea goroli zote akaniwekea mkononi, akaunyanyua uwanja (namaanisha ule ubao wenyewe wa kuchezea) akauegemeza kwenye kichwa, akanipa tochi, akaenda zake kukaa kwenye kiti. Hakusema neno. Chini ya uwanja waya zote zimefungwa vizuri, koili (zile sumaku za umeme zinazosukuma flipa na vinginevyo) zina lebo, hakuna uzi wa waya unaoning'inia. Halafu akaniletea daftari, ameandika kila alichobadilisha tangu aipate, tarehe na mkono wake mwenyewe, mpaka balbu. Kwenye ukurasa wa mwisho aliandika matatizo ambayo bado yapo: rangi imelika kando ya diski mojawapo, na swichi moja ya kulia inakawia kushika mashine ikishapata joto. Hakuna duka limewahi kunionyesha kitu kama kile. Nilimlipa siku ile ile, na mpaka leo nikikwama nampigia, ananielekeza kwa simu nishike waya gani.

Ndio maana kwa anayenunua mashine yake ya kwanza ya miaka ya 80 au 90, mimi nasema tafuta mpenzi wa pinboli kabla ya duka. Unapata mashine na unapata na mwalimu, na kwenye kitu cha miaka 30 mwalimu utamhitaji kuliko waranti ya mwezi mmoja.

Ila muwe macho, sio kila mtu binafsi ni mpenzi. Kuna madalali wananunua leo wanauza kesho. Kuna waliorithi kwa baba hawajui hata inawashwa wapi (kwa hao unaweza kupata bei nzuri, ila jua unanunua gunia limefungwa). Kuna waliotoa mashine baa, imepigwa gemu maelfu na maelfu. Kuwatofautisha nina swali moja tu: inasumbua wapi? Mpenzi atakutajia mambo matano bila kufikiri. Anayesema haina tatizo lolote kwenye mashine ya 1992, ama hajui ama anakuficha.

Haya, ukifika, iwe dukani iwe kwa mtu, vitu vya kuangalia ni vile vile. Anza na kichwa, omba kifunguliwe. Wakikwambia ufunguo haupo, ondoka, hata kama mashine inang'aa vipi. Kwenye bodi kuu za Williams kuna betri tatu za AA za kutunza kumbukumbu, na hizi zikiachwa miaka zinavuja, unga wa kijani na weupe unatambaa kwenye bodi unakula njia za shaba na miguu ya chipu. Za Bally za mwishoni mwa 70 na mwanzo wa 80 betri yake imelehemewa kabisa kwenye bodi, nayo inavuja hivyo hivyo. Ukiona kijani, bei inashuka sana au unaacha. Ukikuta betri zimehamishwa mbali kwa waya au zimeondolewa kabisa ikawekwa chipu isiyohitaji betri, hapo alipita mtu anayejali.

Halafu angalia fyuzi. Kila moja ina kiwango chake kimeandikwa pembeni au kwenye kitabu, linganisha. Fyuzi kubwa kuliko inavyotakiwa, au mbaya zaidi imezungushiwa karatasi ya foili, maana yake kuna shoti mtu aliikwepa badala ya kuitafuta, na hiyo ni hatari ya moto ndani ya nyumba yenye watoto. Angalia na konekta za taa, zikiwa kahawia au nyeusi zimeungua.

Uwanja wenyewe umulike kwa tochi ya pembeni, sio ya juu. Rangi inalika zaidi karibu na bampa (vile vya duara vinavyolirusha goroli) na mbele ya mashimo, na vile vidirisha vya plastiki vya taa vinazama au kuinuka, goroli likipita linayumba. Raba na balbu ni vitu vya kubadilisha jioni moja, rangi iliyolika hadi mbao ni kazi ya wiki au ununue uwanja mpya, kwa hiyo usidanganyike na usafi. Goroli nalo lishike, lizungushe kwenye vidole. Likiwa na vishimo au kutu limekuwa likikwaruza uwanja kila gemu.

Kwenye kabati tafuta upande uliopigwa na jua, nyekundu ndio inapauka kwanza. Linganisha kushoto na kulia.

Sasa iwashe na iache iwake saa nzima mkiwa mnaongea. Matatizo mengi yanajificha mashine ikiwa ya baridi, flipa zinakuwa na nguvu gemu ya kwanza, gemu ya tano haziwezi kupandisha goroli kwenye rampu. Cheza kweli, sio kugusagusa. Kwenye Williams za skrini angalia pale inapoandika idadi ya gemu ulizonazo, ukiona kinukta mbele yake mashine inakwambia yenyewe kuna swichi ina hitilafu. Ndani ya mlango wa sarafu kuna vitufe vya majaribio, mwambie muuzaji akupeleke kwenye jaribio la swichi na la koili, moja moja. Asiyejua kufanya hivyo hajawahi kuitengeneza.

Duka linanishinda hoja sehemu moja, mashine mpyampya. Stern za kuanzia mfumo wao wa bodi uitwao Spike, 2015 hivi na kuendelea, zina bodi ndogondogo chini ya uwanja ambazo kwa kawaida huwezi kuzilehemu nyumbani, unabadilisha nzima, na hapo kuwa na duka lenye fundi wake ni faida ya kweli. Ila iwe dukani iwe kwa mtu, kuwa makini na zile maarufu sana, mfano Medieval Madness ya 1997 zilitengenezwa 4,016 tu, halafu kampuni ya Chicago Gaming wakaja kuitengeneza upya miaka mingi baadaye. Zote ni nzuri ila bei haifanani, hakikisha unaambiwa ipi ni ipi.

Wapi pa kuwapata hao wapenzi? Maonyesho. Hapa kwetu kuna Texas Pinball Festival, Frisco, na Chicago wana Pinball Expo tangu 1985. Watu wanaleta mashine zao wenyewe, unalipa kiingilio unacheza bure siku nzima, na nyingi zimebandikwa karatasi ya bei. Unaweza kuicheza asubuhi, ukarudi jioni ikiwa imepigwa gemu mia na watu mia, ukaona kama bado ina nguvu. Hakuna jaribio bora kuliko hilo, na mwenyewe amesimama pembeni unamuuliza.

Mtandaoni mnajua wenyewe. Bei ya chini ajabu, picha nzuri, "nitumie Zelle nikushikie" (Zelle ni ya kutumiana hela kwa simu). Usitume hata dola moja kabla ya kuiona. Kama iko mbali, mwombe muuzaji acheze mpaka apate haiskoo (alama za juu zinazobaki kwenye mashine) aingize herufi tatu za jina lako, akurushie video. Mwenye mashine ataifanya kwa furaha, tapeli atatoweka.

Kubeba sasa. Ni kilo 115 mpaka 135, njooni wawili wenye migongo mizima na toroli. Toeni goroli kwanza, zikibaki ndani zitavunja kila kitu njiani. Kichwa cha za elektroniki nyingi za kuanzia katikati ya 80 kinalala chini kwa bawaba, fungueni boliti zake, kilazeni juu ya blanketi, fungeni mkanda, ndipo mtoe miguu. Ikishakunjwa inaingia kwenye minivan viti vikilazwa.

Wanaotaka kupeleka nyumbani kwenye kontena, mfano Dar, kumbukeni kule umeme ni volti 230 na mashine ya hapa imepangwa kwa 120. Williams na Bally za 90 transfoma yake inaweza kubadilishwa kwa kuhamisha nyaya kwenye plagi yake kufuata kitabu, pamoja na fyuzi ya mwanzo, mwachie fundi anayejua. Zile za mota za zamani ni rahisi kuziwekea transfoma ya kushusha umeme. Na hewa ya bahari itaanza na goroli na miguu, kwa hiyo chumba kikavu.

Ikifika ndani usiwahi kuwasha. Simamisha, weka mwinamo wa nyuzi 6.5, simu inapima vizuri tu, kisha fungua kichwa ukandamize konekta moja baada ya nyingine mpaka zikae, maana barabara huwa inazilegeza. Goroli mpya ndio ziingie mwisho.