Kwenye pawabenki, tafuta Wh

Ile 20,000 mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji) iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa mbele ya pawabenki isikubabaishe. Hesabu hiyo ni ya betri za ndani, ambazo kwa kawaida ni za volti 3.7, ilhali tundu la USB hutoa volti 5 au zaidi. Igeuze, soma yale maandishi madogo ya nyuma: mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati yenyewe), na sehemu yake hupotea kama joto simu ikichajiwa. Isiyo na Wh popote mimi siinunui, muuzaji anune akitaka. Kwenye ndege, mashirika mengi huruhusu hadi Wh 100 bila kibali, ila uibebe kwenye mkoba wa mkononi.