Namna ya kupima maji ya mto mdogo mjini Bukavu

Haidrolojia, yaani elimu ya maji na mwendo wake juu ya ardhi, huanza na swali moja: ni maji kiasi gani yanapita hapa kila sekunde? Kwa mito midogo ya Bukavu inayoteremkia Ziwa Kivu, kama vile Kawa, mkaaji yeyote anaweza kulijibu akiwa na utepe wa kupimia, fimbo yenye alama za sentimita, simu na chungwa. Kwa Ruzizi njia hii haifai, kwa kuwa ni mto mkubwa wenye nguvu.

Chagua sehemu iliyonyooka ya mita 10 hivi, isiyo na mawe makubwa wala lundo la chupa za plastiki. Vaa bote, pima upana, kisha shusha fimbo kila baada ya sentimita 20 na uandike kina. Hapa usiharakishe, kwani ndipo hesabu nyingi huharibika: fimbo ikididimia kwenye tope, kina huonekana kikubwa kuliko kilivyo, na mkondo ukiigonga, maji hupanda upande wa juu na kudanganya jicho. Wastani wa kina ukizidishwa kwa upana hukupa eneo.

Weka mstari mwanzoni na mwishoni mwa zile mita 10. Dondosha chungwa hatua chache kabla ya mstari wa kwanza, uhesabu sekunde kutoka mstari huo hadi lifike wa pili, na urudie mara tano; mita 10 zikigawanywa kwa wastani wa sekunde hizo hukupa kasi. Chungwa huzama karibu lote, kwa hiyo upepo wa ziwani haulisukumi. Kwa kuwa maji ya juu huenda mbio kuliko yale yanayosuguana na sakafu, zidisha kasi kwa 0.85, au 0.8 penye mawe mengi, kisha zidisha jibu kwa eneo. Mto wenye mawe mengi, wa upana wa mita 2 na kina cha mita 0.25, ambamo chungwa limetumia sekunde 20 kwa mita 10, hupitisha mita za ujazo 0.2, yaani lita 200, kwa sekunde.

Kipimo kimoja, kwa maoni yangu, hakina faida kubwa. Chora alama za sentimita kwenye nguzo ya daraja na uzisome kila siku, kiangazi cha Juni hadi Agosti na majira ya mvua pia. Ukishapima maji katika vimo mbalimbali, alama peke yake itatosha kukuambia wingi wake. Mvua kubwa ikinyesha usiingie mtoni kamwe, soma ukiwa darajani, na uandike saa mvua ilipoanza na saa maji yalipofika kilele, maana tofauti hiyo ndiyo muda walio nao wakaaji wa bondeni kuhamisha watoto na vyombo.