Mimea ya kuelea ikifika imenyauka: jinsi ya kuihuisha

Kifurushi cha mimea ya kuelea ya tangi la samaki kinachotoka Nairobi kwa basi la usiku hufika Kampala baada ya saa 12 hadi 14, na huongezeka nyingine kikikwama Malaba au kikilala kwenye ofisi ya mizigo. Muda wote huo mimea iko gizani, imebanana, imefungwa. Ukifungua kavera, yaani mfuko wa plastiki, utakuta majani ya manjano, mengine yameshikana kama karatasi iliyoloa, na mizizi iliyokatika imejikusanya chini. Mimea mingi huonekana hivyo na bado ni mizima. Inayokufa, mara nyingi hufia mikononi mwa mwenyewe ndani ya siku tatu za kwanza, kwa sababu ya jua kali, mbolea ya haraka na maji yaliyomwagiwa juu ya majani.

Ni vizuri kujua safari imeufanya nini mmea. Kwenye giza hauwezi kujitengenezea chakula, kwa hiyo unayanyonya majani ya zamani ili kuulisha moyo wake. Ndiyo maana majani ya nje huwa ya manjano kwanza. Majani yaliyopondeka hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi zilizofunikwa, na ndani ya mfuko uliofungwa gesi hiyo huzeesha hata majani yaliyokuwa salama. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, majani hulowa upande wa juu. Pistia, ile inayofanana na kabichi ndogo, na Salvinia zina vinywele vinavyoshika hewa na kuyafukuza maji. Vinywele vikilala kwa kubanwa, maji hutuama juu ya jani, hewa haipiti, uozo unaanza. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na jambo hilo moja: juu pakavu, chini maji.

Andaa maji kabla kifurushi hakijafika. Maji ya bomba ya Kampala yana klorini. Yaache kwenye ndoo au beseni lililo wazi kwa saa 24. Jerikeni haifai kwa kazi hii, mdomo wake ni mdogo na klorini hutoka polepole sana. Maji ya mvua kutoka tenki ni mazuri lakini yana upungufu wa kalisi na magnesi, kwa hiyo yachanganye nusu kwa nusu na maji ya bomba yaliyotulia au ya kisima. Unahitaji mabeseni mawili: moja la kusuuzia, jingine la kukaa mimea, lenye lita 20 hivi na kina cha sentimita 10 au zaidi. Katika hilo la pili, nusu ya maji itoke kwenye tangi lako la samaki. Maji hayo yana naitreti itokanayo na mavi ya samaki, na kwa mmea mgonjwa hicho ni chakula chepesi kuliko mbolea yoyote ya chupa. Joto liwe kati ya 22°C na 28°C. Nyumba nyingi za Kampala na Entebbe zina joto hilo bila hita.

Kifurushi kikifika, kifungue saa hiyo hiyo, kivulini. Nusa. Harufu ya udongo mbichi ni ya kawaida. Harufu ya yai bovu inaonyesha kwamba uozo umeshaanza, basi usingoje jioni. Weka mimea michache michache kwenye beseni la kusuuzia, uitikise kwa kushika shina, uso wa majani ukitazama juu. Usiiweke chini ya bomba linalotiririka. Vipande vilivyooza vitaanguka vyenyewe. Maji yakichafuka yamwage na uanze upya.

Sasa chagua. Kwa Pistia, chukua mmea mmoja mkononi, fungua majani ya nje kwa vidole viwili na utazame katikati kabisa, pale majani madogo yanapochipuka. Moyo mgumu wenye rangi ya kijani kibichi au hata nyeupe ni mzima, hata kama majani yote ya nje yamekufa. Moyo wa kahawia unaotelezateleza ukiuminya hautapona, na utauambukiza uozo mmea wa jirani, huo tupa. Majani yaliyokuwa laini kama mboga iliyopikwa yabanue hadi kwenye shina. Jani la manjano lililo gumu bado liache, mmea unalila. Ukiyang'oa yote ili beseni lipendeze, umeunyang'anya akiba yake.

Mizizi nayo ina lugha yake. Myeupe au yenye wekundu kidogo ni mizima. Iliyokuwa myeusi na yenye utelezi ikate kwa mkasi, ukibakiza sentimita 2 au 3. Mizizi mirefu iliyoumia haifufuki, na ikiachwa inaoza ndani ya maji. Mipya huanza kuonekana baada ya siku tano hadi saba, mifupi na safi kama uzi.

Limnobium, yenye majani ya duara na sponji nene upande wa chini, hupoteza majani mengi kuliko mingine yote lakini hurudi vizuri ikiwa kichipukizi cha katikati kipo. Phyllanthus fluitans, ile yenye mizizi myekundu, ni dhaifu: vipande vyake hukatika ovyo, na kila kipande chenye majani mawili au matatu yaliyo magumu kinaweza kuwa mmea mpya, kwa hiyo usikitupe. Salvinia igeuze moja moja hadi kila jani litazame juu. Ikilala kifudifudi hubaki hivyo hivyo na kuoza. Kazi hii inachosha, mmea ni mdogo kama kucha, lakini haina njia ya mkato. Lemna, ile ya vijani vidogo sana, haihitaji lolote. Mwaga juu ya maji, itajipanga.

Mimea ikishatulia, usiiguse. Iachie nafasi, isibanane. Ikiwa majani yamekauka kingo, funika nusu ya beseni kwa kipande cha plastiki kwa siku mbili ili hewa iwe na unyevu, ila angalia matone: yakianza kudondoka juu ya majani, funua. Ikiwa majani yalifika yakiwa yameloa, usifunike kabisa, na matone yaliyotuama juu yake yanyonye kwa ncha ya karatasi ya tishu.

Mwanga ndipo wengi wanapokosea. Mmea uliotoka gizani ukiwekwa kwenye jua la saa sita la Kampala huungua ndani ya mchana mmoja: majani huwa meupe, kisha kahawia, na maji ya beseni lenye kina kifupi hupata joto hadi mizizi inaiva. Siku tatu za kwanza weka karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Siku ya nne hadi ya saba upe jua la asubuhi hadi saa tatu. Anayetumia taa, balbu nyeupe ya LED ya wati 9 au 10 inatosha beseni moja: sentimita 30 juu ya maji, saa 8 kwa siku mwanzoni, kisha ishushe hadi sentimita 20 na uongeze hadi saa 10 au 12. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa hakuna madhara. Ukikatika kila jioni, sogeza beseni dirishani badala ya kutegemea taa.

Tarajia hali kuzorota kwanza. Kuanzia siku ya kwanza hadi ya nne majani ya zamani yataendelea kuwa ya manjano na kuyeyuka. Yanayoyeyuka yaondoe kila siku. Jani la zamani halirudi kuwa kijani hata ufanye nini, kwa hiyo usilitumie kupima afya. Tazama jani jipya la katikati. Likitoka dogo lakini la kijani, mmea umepona. Katika wiki ya pili mimea yenye nguvu huanza kurusha watoto pembeni. Mmea usioonyesha jani jipya hata moja kwa siku 14 hauna tena cha kukupa.

Mbolea ngoja wiki moja. Baadaye toa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya mbolea ya akwariamu, kisha nusu wiki inayofuata. Au badilisha tu lita 5 za beseni kila wiki kwa maji ya tangi la samaki. Majani ya zamani yakigeuka manjano huku mizizi ikirefuka sana, naitrojeni haitoshi. Matundu madogo kama ya sindano yanaashiria upungufu wa potasiamu. Jani jipya likitoka la manjano na mishipa yake ya kijani, mmea unahitaji chuma. Mbolea ya shambani, urea au punje za NPK, usitie kwenye maji yatakayokutana na samaki: amonia yake huwaua kwa kiasi kidogo sana.

Iache mimea kwenye beseni wiki mbili nzima kabla ya kuihamishia tangini, hata ikipona mapema. Geuza majani utafute ute kama wa yai wenye vitone ndani. Hayo ni mayai ya konokono, yakwangue kwa kucha. Vidukari, vijidudu vidogo vya kijani au vyeusi, huonekana kwenye mikunjo ya jani jipya; ng'oa jani lililojaa, waliobaki wazamishe majini kwa brashi laini. Kama mimea imetoka ziwani, Ggaba au Entebbe, vaa glavu. Konokono wa Biomphalaria na Bulinus wanaoishi kwenye mimea ya maji yetu hubeba kichocho, na maji yaliyokuja na mimea hiyo yamwage kwenye udongo mkavu, mbali na watoto.

Tangini, adui ni maji yanayosukuma. Mkondo wa filta huzamisha mimea na kulowesha majani, na kazi yote uliyofanya inapotea kwa siku mbili. Chukua sentimita 70 za mpira wa pampu ya hewa, unganisha ncha zake kwa kiungio, na utapata pete inayoelea yenye upana wa sentimita 22. Weka mimea ndani yake, mbali na mdomo wa filta. Pete hiyo hiyo, ukiiweka mahali pengine bila mimea, inakupa pa kulishia samaki. Mfuniko wa kioo uinue au uache wazi robo yake.

Mimea ikishika kasi, punguza kila wiki ili isifunike zaidi ya nusu ya uso wa maji. Usiku mimea nayo hutumia oksijeni, na zulia lisilo na nafasi huzuia hewa kuingia. Samaki wakihema juu ya maji saa kumi na mbili asubuhi, umechelewa kupunguza.

Unachotoa usikitupe mtaroni. Mitaro ya Kampala inaingia mfereji wa Nakivubo, na Nakivubo inaingia ziwani. Gugumaji lililoonekana Ziwa Victoria na Kyoga mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha likaenea hadi likaziba njia za maji za bwawa la Owen Falls kule Jinja, ni mmea wa kuelea kama hii. Usiagize hilo, wala Salvinia molesta, ambayo imekwisha kuingia Kyoga. Muuzaji anaweza kukupa molesta akidhani ni ile ndogo, kwa hiyo tazama vinywele vya jani kwa lenzi: vya molesta huungana tena nchani, kama mchapo wa kupigia mayai, vya Salvinia minima vimeachana. Ukiikuta molesta, usibakize hata kichipukizi. Na unapoagiza nje ya nchi, shughulikia kwanza kibali cha wizara ya kilimo na cheti cha afya ya mimea, kisha mwombe muuzaji afunge mimea kwa karatasi yenye unyevu, bila maji ndani ya mfuko.

Mimea ya ziada itandaze juani juu ya turubai, safu moja, siku tatu au nne, kisha itie kwenye mboji. Imekauka pale jani linapovunjika likikunjwa kwa kidole. Likijipinda tu, lirudishe juani.